Kikombe kwa Mkono wa Kushoto

Januari, Duluth. Ziwa limeganda hadi upeo wa macho
na hita ya ofisini inakohoa kama mvuta kiko.
Tuko watatu, juu ya uwanja usioonekana:
theluji imeumeza, hata kile kilima cha mrushaji
ni nundu tu, mtu aliyejifunika shuka gubigubi.

Mezani, picha za kiwiko cha Eliezer Peguero.
Bi Halvorsen, mshika hazina, anaziinua dirishani moja moja
kama anayekagua noti bandia.
"Kano imeshonwa mara mbili. Bega, mara moja.
Kiuno, Mungu ndiye ajuaye.
Misimu sita, na siku mia nne kumi na mbili
amekaa benchi akitafuna mbegu za alizeti,
tena kwa mshahara.
Anauzwa nusu bei, ndiyo. Rahisi huvunja upishi."

Kocha Munk hazitazami picha.
Anaitazama raundi ya tisa ya mwaka jana,
zile mechi kumi na moja tulizoingia tukiongoza
tukatoka vichwa chini, mashabiki wakikunja mablanketi kimya.
"Kisu kilichonolewa sana huwa chembamba," anasema.
"Najua. Nipe kisu."

Mimi ni mdakaji wa mazoezini.
Jezi yangu haina jina mgongoni.
Jana nilichuchumaa mbele yake katika karakana ya boti,
harufu ya rangi, taa moja ikipepesa,
naye akarusha.
Mpira wa kwanza ulikuwa salamu.
Wa kumi ulipinda mlangoni pangu kama mgeni aliyekumbuka
kwamba amesahau kitu nyumbani.
Wa kumi na tisa sikuuona.
Kiganja ndicho kilichoniambia umefika.

Kisha tukanywa kahawa. Akanisimulia Baní,
chumvi inayokaushwa juani, dada zake wanne,
paa analotaka kuezeka kabla ya vimbunga.
Kikombe alikiinua kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia aliulaza pajani
kama mtoto aliyepata usingizi kwa shida.

"Wewe uliyemdaka, Kosciuk, wasemaje?"

Nikitaja kikombe, nimeng'oa paa la watu.
Nisipokitaja, nimemuuzia kocha kisu chenye ufa.
Goti langu lilipokwisha nilikuwa na miaka ishirini na sita,
na hakuna aliyeitisha kikao.

Nikaweka kiganja mezani, juu ya picha.
Bado kilikuwa kimevimba, zambarau katikati.
"Hii ndiyo kasi yake," nikasema.
"Na kahawa alinywa kwa kushoto."

Hita ikakohoa.
Bi Halvorsen akapiga hesabu pembeni mwa bahasha:
tumlipe kwa raundi, kama wachuma matunda,
asiporusha, hakuna deni.
Munk akaapa: mara mbili kwa wiki, haizidi.

Namjua Munk. Agosti, tukiongoza kwa pointi moja,
atainua simu siku ya tatu mfululizo,
na Peguero atajibu kwamba yuko tayari.
Hajawahi kusema hayuko tayari.
Huo ndio ugonjwa wake,
na hakuna mashine iliyoupiga picha.

Ningeyasema hayo pia. Lakini wote wawili
walikuwa wamegeukia dirisha.
Chini, kwenye maegesho, alikuwa akikwangua barafu
kioo cha gari la kukodi,
koti jembamba la mtu wa nchi ya jua,
mkono wa kushoto, taratibu, bila ustadi.
Akainua macho. Akatuona.

Akahamishia kikwangulio mkono wa kulia
na kukwangua kwa nguvu zake zote,
vipande vikiruka, akitabasamu,
huku kalamu ya Bi Halvorsen
ikitafuta mstari wa sahihi.